Baba Mkwe na Kabati Lake

Baba mkwe wangu simpendi, na sioni sababu ya kuzungukazunguka. Mteja akiniuliza huku namsuka, namjibu hivyohivyo, kichana mkononi: simpendi. Wananiambia eti mkwe ni mzazi. Sawa, ni mzazi. Wamsikie kwanza.

Mji mzima unamwita Mkanda. Kabla ya kustaafu alikuwa mtahini wa madereva, na mtu yeyote aliyetaka leseni ilibidi apite mikononi mwake. Unafika umenyoosha shati, umesali, moyo unadunda, unaingia garini, unakaa, na kabla hujagusa ufunguo anakuambia, "Shuka. Umefeli." Ukiuliza kosa, anaugusa mkanda ambao hujaufunga, basi, hasemi zaidi. Wapo wanaume wazima wenye ndevu zao ambao mpaka leo wakikutana naye sokoni mkono unakwenda wenyewe begani kutafuta mkanda. Mimi alinifelisha nikiwa mchumba wa mwanawe. Alisema nilikitazama kioo cha pembeni kama mtu anayepaka poda. Nikarudi tena, akanifelisha tena, halafu siku ya harusi yetu akawasimulia wageni wote, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndiyo maana siendeshi. Ndiyo maana pia mwanangu alikuwa akipelekwa shule na kurudishwa na babu yake, ndani ya Kabati.

Kabati ni gari. Jina lake la kiwandani silitaji, sitaki kumtangazia mtu biashara bure. Watu waliliita Kabati kwa umbo lake, pembe nne tupu, milango mizito ambayo ukiifunga nyumba ya jirani inasikia. Historia ya kampuni hiyo naijua kuliko ya ukoo wetu, maana baba mkwe huisimulia kila tukikaa mezani, chakula kikipoa shauri yako. Kwamba walioianzisha walikuwa ndugu wawili, mafundi wa majiko ya chuma, na mmoja akafiwa na mke barabarani, gari limejikunja kama karatasi. Kwamba mgane yule aliapa kuunda gari lisilojikunja. Kwamba wakati wenzao wanashindana kwa mbio na rangi, wao walikuwa wakiyabamiza magari yao wenyewe ukutani, wameketisha midoli ndani, kisha wanakaa chini kuhesabu midoli ipi imevunjika shingo. Wakatia mikanda kabla serikali haijawalazimisha. Wakakigeuza kiti cha mtoto kitazame nyuma. Halafu wajukuu zao wakaiuza kampuni kwa matajiri, na tangu siku hiyo, anasema, kinachotoka kiwandani ni kopo la biskuti lenye taa. Hapo sauti yake hushuka, utadhani anataja marehemu.

Kuna ukweli humo na kuna chumvi, sijawahi kupima. Ninachokijua ni kile kibati kilichopigiliwa mlangoni kwa dereva, kimeandikwa: Ndani Uko Salama. Alikuwa akikifuta kwa kitambaa kila asubuhi. Picha ya marehemu mkewe iliyoko sebuleni nilikuwa nikiifuta mimi.

Wenye magari hayo wana umoja wao. Hukutana kwenye uwanja wa mwenyekiti wao, muuza mbao, wanapanga Makabati yao mstari mmoja na kutoa shuhuda. Nilipelekwa huko nikiwa bibi harusi mbichi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na kusikiliza. Mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, alibingirika na gari mpaka korongoni akatoka miwani bado iko puani. Muuza mbao mwenyewe aligongana na pikipiki kwenye kona, Kabati halikubonyea hata kidogo. Wakapiga makofi. Mimi na mdomo wangu nikauliza, "Na yule wa pikipiki?" Jamani, walinigeukia kama mtu aliyetema mate sebuleni. Baba mkwe akasema, "Huyu bado mgeni," na wakaendelea na soda zao.

Basi, hao ndio watu wenyewe. Nilivumilia. Ukiolewa unameza mengi, na mume wangu ni mtu mwema, fundi wa mafriji, mikono ya dhahabu, lakini mbele ya baba yake ananywea kabisa. Nilivumilia mpaka yalipoanza mambo ya macho.

Kwenye saluni yangu, karibu na mlango, ninacho kichwa cha plastiki cha kuonyeshea mawigi. Siku moja baba mkwe aliingia kumleta mtoto, akasimama mbele ya kile kichwa, akavua kofia. "Hujambo mama." Kimya. "Hujambo mama!" Kimya. Akanigeukia, uso umemwiva. "Mkwe wangu, wateja wako hawana adabu." Wasichana wangu waliangua kicheko, mmoja akakimbilia uani. Mimi nilicheka pia, sikatai, kilikuwa kituko. Lakini alipotoka na kupapasa ukuta kutafuta mlango uliokuwa wazi mbele yake, kicheko kilinikauka. Mtu huyu ndiye anayemwendesha mwanangu.

Usiku huo sikungoja. Mume wangu hajamaliza kuvua viatu nikamwambia, "Baba haoni."

"Haoni vipi?"

"Amesalimia wigi!"

Akacheka. Nikamkazia macho, akaacha. "Saluni yako ina giza," akasema. "Na wewe baba huna jema naye."

"Jema sina. Lakini mtoto ninaye, na namtaka mzima. Mwambie aende akapimwe, na kabla hajapimwa asimchukue Chiriku."

Chiriku ndiye binti yetu. Tulimpa jina hilo kwa domo lake: tangu ajifunze kusema hajawahi kufunga mdomo, na huko shule alishawachosha walimu. Mume wangu akakuna kichwa. "Nimwambie vipi baba? Mtu aliyetahini mji mzima, nimwambie mimi haoni? Atanimwagia radhi. Halafu hebu fikiri, mke wangu. Hakuna gari salama kuliko lile. Hata likigonga, aliye ndani hapati kitu."

Haki ya Mungu, alisema hivyo, mtu mwenye akili zake. Na si yeye peke yake. Shangazi wa mume nilipompigia alinijibu neno kwa neno hilohilo. Mwalimu wa darasa la Chiriku alisema nina bahati, watoto wengine wanabanana kwenye vigari vya bati. Familia nzima ilikuwa inalitazama gari, hakuna aliyemtazama dereva. Nikaenda kumwambia mzee mwenyewe. Alikuwa uani, anafuta kibati chake.

"Baba, naomba ukapimwe macho."

Hakunitazama. "Nani alikufelisha mara mbili?"

"Wewe, baba."

"Basi." Akaendelea kufuta.

Niliondoka na hasira mpaka nikasahau nilikoacha kandambili zangu. Nikamchukua Chiriku kesho yake kwa miguu, chini ya jua, tukafika shule tumechelewa, na jioni nikakuta kikao kimekaa nyumbani: mzee kanuna, mume wangu kainama, shangazi mtu kaja na mikoba yake. Eti namdhalilisha baba. Eti nataka mtoto agongwe barabarani na walevi, kwa sababu ya kinyongo cha leseni. Walinikalia kooni mpaka nikanyoosha mikono. Chiriku akarudi kwenye Kabati.

Lakini alirudi kwa namna nyingine. Siku zote alikuwa akikaa nyuma, kwenye kile kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, na ole wako uguse mikanda yake, mzee alikuwa anaifunga mwenyewe kama anayefunga mzigo wa mayai. Sasa kile kiti nikakikuta stoo, juu ya magunia ya mkaa. Chiriku amekaa mbele, pembeni mwa babu yake, shingo kainyoosha.

"Baba, si ulisema mtoto akikaa mbele mapema ni kumuua?"

"Amekuwa mkubwa."

"Wiki moja tu amekuwa mkubwa?"

"Utanifundisha Kabati mimi?"

Chiriku mwenyewe alikuwa anachekelea hadi jino la mwisho. "Mama, mimi ndiye utingo wa babu!" Utingo, kama wale wanaokaa na madereva wa malori, wanaoshuka kuweka magogo chini ya magurudumu. Sote tukacheka. Nikasema moyoni, afadhali huko mbele anacheka.

Siku ya siku nilikuwa namtoa mteja rola kichwani. Simu ikalia, jirani yetu, anahema. "Njoo nyumbani. Mumeo." Nilitoka na aproni yangu, rola mbili mfukoni, nikamwacha mama wa watu nusu kichwa kimesimama.

Mume wangu siku hiyo alikuwa na kazi ya nyumbani, friji la mtu kaliegemeza uani. Alisikia honi, akaenda kufungua geti. Geti letu lina komeo la chini, lazima uiname ulivute. Aliinama. Kabati halikungoja. Lilisukuma bawa la geti, na geti likambana mguu kwenye nguzo ya ukuta.

Nilipofika walikuwa wameshamtoa. Alikuwa chini, mgongo ukutani, uso wa majivu, na mguu chini ya goti umekwenda upande ambao mguu hauendi. Alinishika mkono akasema, "Chiriku yuko salama?" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Na baba yake? Alikuwa ameinama mbele ya gari anapapasa bampa kwa kiganja. Akasimama, akawaambia majirani, sauti ileile ya mezani, "Mtoto hana hata mchubuko. Mnaliona gari?"

Na majirani, loo, majirani! "Kweli hilo gari, mzee." "Mungu mkubwa, na gari nalo." Mmoja akalipiga picha. Mwanamume yuko chini mfupa nje, wao wanapiga picha taa ya mbele. Nilitukana. Sitarudia nilichosema, lakini nilikisema kwa sauti na nilikisema chote, na mzee akaambiwa mambo ambayo mkwe hamwambii mkwe. Alinijibu kitu kimoja tu: komeo la geti lilikuwa bovu.

Mume wangu alitiwa vyuma mguuni. Daktari wa mifupa, kijana mkimya, alisema atatembea, ila kupanda ngazi na friji mgongoni asahau. Nililia chooni hospitali, nikanawa, nikatoka. Nilidhani hapo sasa mume wangu atafumbuka macho. Wapi! Alilala pale na mguu juu, ananiambia baba amezeeka, ajali haina kinga, tumshukuru Mungu mtoto alikuwa ndani na siyo nje.

Mtoto huyo sasa ndiye aliyekuwa ananinyima usingizi. Chiriku alikuwa amenyamaza. Si kununa, kunyamaza. Saluni nzima iliniuliza. Unampa biskuti anasema asante, basi. Ukimkalisha karibu na baba yake anautazama ule mguu halafu anakwenda kukaa jikoni. Nikamuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali, nikamnunulia mdoli. Hakusema. Nilijua kuna kitu amekibeba na nilijua kimetoka ndani ya gari lile, lakini nani angemtoa maneno mtoto aliyeyafungia? Nilichoweza ni kuapa kwamba hapandi tena. Na hilo nalo lilikuwa la siku chache, maana mzee alikuwa ameshapiga pasi shati la kumrudisha shule, na mume wangu alikuwa ameshaanza kusema, "Tusimvunje moyo baba."

Kabla ya hapo ukafika mkutano wa umoja. Mkanda alikuwa na ushuhuda mpya, na familia nzima ilitakiwa. Nilikataa. Mume wangu akaniomba, magongo chini ya makwapa, jasho linamtoka. Nikaenda, lakini nilikwenda nimeuma meno.

Uwanja wa muuza mbao ulikuwa na unga wa mbao kila mahali, unaingia mpaka kwenye soksi. Makabati yamepangwa, yanang'aa. Mbele wameweka meza yenye kitambaa, na desturi yao ni kwamba anayetoa ushuhuda anaweka ufunguo wa gari lake mezani, wauone wote. Baba mkwe aliweka wake. Suti, tai, kidevu juu. Akaanza na wale ndugu wa majiko, akapita kwenye midoli, akafika kwetu. Geti bovu. Pigo kubwa. Mjukuu ndani, salama, hata peremende aliyoshika haikuanguka. Mwanawe akamtaja kwa maneno mawili: "aliumia kidogo." Mume wangu alikuwa mstari wa mbele, mguu ameunyoosha juu ya kiti cha pili kwa sababu haukunjiki. Akapiga makofi na wenzake. Nilimwona kwa macho yangu akipiga makofi.

Mwenyekiti akafurahi, akamvuta Chiriku mbele, akamwinamia na maikrofoni. "Haya mrembo, waambie wajomba na shangazi. Siku ile nani alikuokoa?"

Mtoto akatazama viatu vyake.

"Sema, usiogope. Nani?"

"Nilichelewa," Chiriku akasema.

"Ulichelewa wapi, mama?"

"Kumwambia babu." Sauti ilikuwa ndogo lakini ile maikrofoni iliipeleka mpaka kwenye magogo ya nyuma. "Nilimwona baba ameinama. Nilikuwa nafungua peremende. Nikachelewa kusema." Akaanza kulia. "Babu amesema nisimwambie mtu kwamba mimi ndiye nimemvunja baba mguu."

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, nakumbuka kiti changu kikianguka. Lakini mzee aliniwahi, tena si kwa kukana. Alichukia, kama zamani alivyowachukia waliosahau kioo. "Ndiyo!" akafoka. "Nilimuuliza! Nilimuuliza, kuko wazi? Hakujibu! Taa za barabarani ananiambia vizuri, watu anawaona, kila siku anasema, siku hiyo moja anachezea peremende!"

Alipomaliza ndipo akasikia alichokisema. Yule mwalimu mkuu alivua miwani yake. Mwanangu wa miaka sita, mwezi mzima, ndiye aliyekuwa akimwambia mtahini mkuu taa gani nyekundu na taa gani kijani. Na kwa ajili hiyo alitolewa kwenye kile kiti cha kugeuka nyuma, kwa sababu mtoto anayetazama nyuma hawezi kumsomea mtu barabara. Nilimfikia nikampakata. Nikamwambia sikioni, si wewe, mama, si wewe, nikarudia mpaka nikaishiwa pumzi.

Mume wangu akajiinua. Ilimchukua muda, gongo moja, la pili, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akasogea mpaka mezani. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akimwomba baba yake kitu bila kuinamisha kichwa.

"Baba," akasema, "nipe huo ufunguo."

"Nani ataendesha? Mkeo niliyemfelisha?"

"Nipe ufunguo, baba."

Mzee akarusha mkono juu ya meza auwahi yeye. Mkono ukapita pembeni, ukaugonga ufunguo, nao ukaruka ukaanguka kwenye unga wa mbao, mbele kabisa ya viatu vyake, unang'aa, sote tunauona. Akainama. Akapiga goti. Akaanza kupapasa, upande huu, upande ule, suti inachafuka. Mwenyekiti akataka kumwokotea. Mume wangu akamzuia kwa gongo.

"Mwache autafute."

Uwanja mzima ulikuwa unatazama. Vidole vilipita karibu na ufunguo, vikarudi, vikapita tena. Na Chiriku wangu, machozi bado shavuni, akainua shingo begani kwangu kama alivyozoeshwa.

"Kulia, babu," akasema. "Kulia kidogo. Nimesema mapema, eti?"